Rasimu ya Tatu

Karani Sheuya wa Pangani alitoza pesa nane kwa ukurasa,
na kabla hajafungua kibweta aliuliza:
mnamwomba nani, na mnamwogopa kiasi gani?
Kwani salamu, alisema, hukatwa kwa kipimo cha woga
kama marekani kwa dhiraa.

Walikuwa kaya kumi na saba, Msaranga ya chini,
walioteremka kutoka migombani kwa baba zao
kwa kuwa kihamba hakigawanyiki mara ya nne.
Walifyeka pori mpaka pori likaanza kuwajibu,
usiku kwa fisi, mchana kwa homa.
Wakachimba mfongo kutoka Rau, miezi mitano,
kwa majembe, na penye mwamba kwa kucha.
Kisha boma likapanda kahawa yake kule juu
na maji yakasahau njia.

Rasimu ya kwanza Lyatuu aliitamka amesimama:
"Mwambie atuachie maji yetu."
Sheuya hakuchovya kalamu.
"Maneno hayo bei yake ni hamsa ishirini.
Nionyeshe kwanza mgongo utakaolipa."

Ya pili ilikuwa salamu tupu.
Bwana Mkubwa, mlinzi wa njia, baba wa mayatima,
sisi vumbi la viatu vyako,
vumbi la vumbi la viatu vyako,
hata karatasi ikaisha, maji hayajatajwa.
Makishingo alicheka mpaka akakohoa:
"Tumemchinjia ng'ombe mzima
tukaondoka bila kusema tulichofuata!"

Ya tatu ndiyo hii.
Ninayo hapa mezani, chini ya kioo, kando ya mashine yangu ya chapa.
Herufi zake za Kiarabu mimi sizijui;
alinisomea fundi saa mmoja wa Njoro,
miwani yake ya saa jichoni, polepole,
kama anayetafuta gurudumu lililolegea.

*Sisi hatuna neno. Ila mgomba hausikii amri.
Bwana akiridhia, maji yapite kwetu usiku,
wakati kahawa imelala.*

Wino uliisha kwenye jina la tisa.
Sheuya akafunga kibweta: wino wa kuongeza, pesa ya kuongeza.
Ndipo Mamkinga, mjane, asiyehesabiwa kaya,
alipokata mgomba mchanga kwa panga,
akachovya dole gumba kwenye utomvu
na kulikandamiza pale penye nafasi.
Wanaume wanane waliobaki wakatazamana,
kisha nao wakachovya.

Kaya kumi na saba, alama kumi na nane.

Barua ilirudi baada ya miezi minne.
Mgongoni, kwa Kijerumani, mistari miwili:
Nyumba, kumi na nane.
Kodi, rupia hamsini na nne.
Maji hayakutajwa.

Walimfokea Mamkinga. Dole lako limetuongezea nyumba!
Hakujibu. Aliuza mbuzi na mtungi wa pombe,
akapanda hadi bomani na rupia zake tatu,
akasimama dirishani mpaka akapewa risiti.
Shemeji zake walipokuja kudai kiwanja cha marehemu
aliitoa kifuani, imekunjwa mara nne:
Serikali inasema hapa pana nyumba, na nyumba ni yangu.
Hakuna aliyejua kuisoma. Waliona muhuri, wakarudi.

Na maji? Waliyachukua usiku,
kahawa ikiwa imelala.

Jana wamekuja watu wa Msaranga, sita, na bomba kavu.
Nikachomeka karatasi: YAH: MAOMBI YA MAJI.
Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Mmoja, kijana, akaniambia, mama, punguza heshima,
tumeshaandika mara tatu.
Nikanyanyua kioo kuwaonyesha ile ya zamani.
Majina tisa ya wino yamefifia, ni kama moshi wa jana.
Madole ya utomvu yamezidi kuwa meusi.
Binti aliyekuwa nyuma kabisa hakuuliza kitu.
Alilala tu juu ya meza,
akapima dole lake juu ya lile la kwanza,
kisha akaniuliza pa kutia sahihi.